Mguu wa Makaa

Bolton, Uingereza
12 Februari 1984

Mdogo wangu Jaha,

Assalaam aleikum. Nakuandikia nimevaa soksi mbili mbili na koti juu, na nimo chumbani, si njiani. Ukiona mwandiko umeyumba, lawama ni ya baridi. Mwambie Mama nakula vizuri. Wali naupata kwa Wahindi wa mtaa wa pili, ila nazi huku huuzwa mkebeni na haina hata harufu ya nazi.

Mama yu vipi? Mwambie nangoja kofia yangu ya Idd, na safari hii naitaka ya vito vidogo vidogo, vile vitundu vya sindano, kama ile ya marehemu Baba. Msikitini kuna Wapakistani wananiuliza kila Ijumaa kofia yangu ilishonwa kwa mashine gani. Nikiwaambia ni mikono ya mamangu, wanaigeuza ndani nje kama polisi wa forodha.

Na mgeni je? Jana nilimweleza mwenzangu wa kazini kwamba kwetu mguu wako wa kushoto unaitwa mgeni, kwa kuwa polio ilipokuingia ukiwa na miaka minne, bibi alituambia tusilie, huyo ni mgeni tu, atakwenda zake. Mwenzangu akacheka, kisha akauliza kama alikwenda. Nikamwambia la, alivalishwa chuma akakaa.

Sasa habari yenyewe. Nimetolewa kwenye mashine za kufuma pamba nikapelekwa karakana ndogo iliyo nyuma ya kiwanda, ambako wanatengeneza karatasi na vitambaa vya kaboni. Ni vyeusi, vyepesi, na vikipakwa gundi vikakauka huwa vigumu kupita chuma. Siku ya kwanza nilipovishika nilikuona wewe unavyouburura ule mguu kwenda kazini. Nitamtengenezea mgeni vazi jipya. Mkataba wangu unakwisha Desemba, na nataka uwe umelivaa kabla ya hapo. Nipe vipimo.

Kaka yako,
Gharib


Shela, Malindi
20 Machi 1984

Kaka yangu Gharib,

Shikamoo. Barua yako ilikaa posta wiki nzima kwa sababu karani alisoma jina la mtumaji akaiweka kwenye sanduku la Gharib mwingine, yule muuza mbao, naye akaisoma yote kabla ya kuirudisha. Sasa mji mzima unajua kuwa unavaa soksi mbili mbili.

Mama hajambo, anakusalimu. Kofia atashona, ila kwa sasa amepumzika kidogo na mambo ya sindano. Anasuka ukili wa mikeka, asema vidole vinataka kazi pana.

Kaka, nimecheka hata nikakaa chini. Mguu wa karatasi za kaboni! Karatasi hizo tunazo shuleni, Mwalimu Easter, mkuu wetu, anazipachika kwenye taipureta katikati ya barua, ukipiga moja zinatoka mbili. Zinachafua vidole hadi jioni. Sasa mimi nikizivaa mguuni si kila hatua yangu itatoa nakala? Nitakwenda shuleni Barani mara moja nihesabiwe nimekwenda mara mbili. Huenda ndiyo dawa, maana ninavyokosa siku za kazi, hizo nakala zitanifaa.

Nakutania lakini jambo lenyewe halichekeshi. Darasa langu la nasari lina watoto arubaini na nawapenda. Kutoka hapa hadi Barani ni mwendo, na ikifika Alhamisi chuma kimeshachubua kifundo, Ijumaa sitoki. Mwalimu Easter ananivumilia. Yeye ametoka kwao Murang'a akaanza ile shule kwa mabati na maombi, anajua shida. Lakini wazazi wamemwambia wanataka mwalimu ambaye mlango ukifunguliwa yumo. Amenipa hadi mwisho wa mwaka. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wangu yuko mwaka wa kumi na nane na hajagusa mpini.

Basi kama ni karatasi, nipe hiyo karatasi.

Wako mdogo,
Jaha


Bolton
15 Aprili 1984

Jaha,

Marahaba. Huyo Gharib muuza mbao mwambie nikirudi nitamsomea na mimi barua zake.

Kaboni ninayoisema siyo ile ya taipureta, ingawa ni ndugu wa mbali. Kaboni ni makaa, basi. Hebu wakumbuke wachoma makaa wa Adu. Wanapanga magogo, wanafunika udongo, wanawasha moto na kuunyima hewa. Wakiacha tundu, asubuhi wanakuta majivu. Wakiziba vizuri, mti unabaki na umbo lake lakini umekuwa makaa matupu. Hapa wanafanya hivyo hivyo kwa nyuzi, nyuzi za kutengenezwa, jamaa ya zile za sweta. Zinapitishwa kwenye tanuri lisilo na hewa, moto juu ya moto, hadi vyote vingine vitoke ibaki kaboni peke yake, na uzi bado ni uzi. Ni mwembamba kuliko unywele wako. Maelfu yake yanakusanywa pamoja, yanafumwa, ndipo tunapata kitambaa. Ukikibandika tabaka juu ya tabaka kwa gundi, ukakikandamiza katika kalibu, kile chombo cha kutolea umbo, kinakuwa bamba. Mabamba hayo wanatengenezea mabawa ya ndege, magari ya mashindano, fimbo za kuvulia. Na yanapitisha umeme, kwa hiyo wengine wanayajaribu kwa kupasha joto.

Kuna mzee mmoja hapa, mstaafu aliyekataa kustaafu, juzi alinichukua nikachungulie kwenye hadubini kubwa kama kabati. Alikuwa ameweka masizi ya tanuri. Ndani yake niliona nyuzi nyingine ambazo hakuna aliyezifuma, ndogo hata hizi zetu zinaonekana minazi kando yake, na zina uwazi katikati kama mianzi. Akaniambia, "Siku moja watu watazikusanya hizi walaze karatasi nyembamba kama ya sigara, na huwezi kuirarua kwa mikono. Itabeba umeme, itapasha joto, itahisi hata mkono ukiigusa. Mimi sitaiona. Wewe labda." Nimeiwaza karatasi hiyo wiki nzima. Nimewaza mguu unaojua unapokanyaga.

Lakini tuanze na tulichonacho. Nimetia humu kipande cha kitambaa kabla hakijapakwa gundi, ukione. Nenda hospitali wakufunge plasta kuanzia chini ya goti hadi unyayo, wakiikata waitoe nzima uniletee. Hiyo ndiyo kalibu yangu.

Mama anasuka ukili? Tangu lini? Mikeka si alikuwa akimwachia shangazi? Hukuniambia kile kikohozi chake cha mwaka jana kimefikia wapi. Niambie.

Gharib


Malindi
3 Juni 1984

Kaka Gharib,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Tunafunga vizuri. Jana tulifuturu uji wa pilipili manga na mbaazi za nazi, na Mama akasema, "Gharib huyo anafungua kwa mkebe." Kikohozi kimekwisha siku nyingi.

Kile kitambaa nilimpa Mama mkononi. Alikipapasa hata nikadhani amesahau kuwa nimesimama. Kisha akasema, "Mwambie huyu mtoto mimi sikumfundisha hivi. Mfumo huu umekwenda juu ya uzi mmoja, chini ya mmoja. Ni wa watoto wanaoanza, hauna mzunguko. Ukiuzungusha kwenye kitu cha mviringo utakunjamana." Nakupa maneno yake kama yalivyotoka, ugomvi wenu msinitie mimi.

Plasta tayari. Hospitali kuna kijana wa Kikamba anaitwa Kioko, ndiye anayefunga waliovunjika. Alipoambiwa anifunge mguu usiovunjika akaniangalia sana. Nikamwambia kakangu anaushonea nguo Ulaya. Akasema, "Basi simama wima, dada, maana mshonaji akiwa mbali kosa ni la mpimaji." Akanifunga polepole, akaipasua plasta upande wa nyuma, ikatoka nzima kama ganda la yai. Nimeifunga kwa kanga yangu ya zamani ile yenye korosho. Posta waliniuliza kilichomo nikasema mguu, wakaandika sanamu.

Kofia yaja kwa mkono wa kijana wa jirani anayekwenda London kwa masomo. Imechelewa, usihesabu itawahi Idd.

Hizo nyuzi za mianzi za mzee wako zikishakuwa karatasi mimi nitakuwa bibi wa watu. Nishonee hii ya sasa.

Jaha


Bolton
9 Septemba 1984

Jaha,

Marahaba, na mniwie radhi kwa Idd zote mbili zilizopita, nilikuwa na kazi moja tu.

Mguu umekwenda kwa ndege siku ya Alhamisi. Umekaa kama ganda linalokumbatia kuanzia chini ya goti hadi chini ya vidole, na unaingia ndani ya kiatu cha kawaida. Uzito wake ni wa sahani ya chai. Nilianza kwa kile kitambaa cha kwanza kwa sababu mabaki yake ndiyo yaliyokuwa mengi, na kwenye kifundo kilikunjamana kama Mama alivyosema. Mzee akanicheka, akafungua kabati akatoa kingine, juu ya nyuzi mbili chini ya mbili, akasema ndicho wanachotumia kwenye vitu vya mviringo. Kikajilaza kwenye plasta ya Kioko bila kunung'unika. Nilitia tabaka sita. Nje nimepiga msasa ukang'aa. Ndani sikupiga, nimeacha mfumo wake uonekane.

Kofia nimeipata. Nitakuandikia habari zake siku nyingine.

Gharib


Malindi
28 Oktoba 1984

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena. Huku ukame, tunakula unga wa njano wa msaada, watoto wa nasari wanauita unga wa mayai. Mama hajambo.

Kaka, nimekwenda Barani. Nimekwenda Jumatatu na Jumanne na siku zote hadi Ijumaa, na Ijumaa jioni nikavua soksi nikatazama kifundo na hakikuwa na kitu. Nimelia. Nililia mbele ya Mwalimu Easter, naye akalia, kisha akasema tusilie watoto wakatuona. Watoto wenyewe wanagombania kuugusa. Mmoja ameniuliza kama ni mguu wa ndege, nikamwambia ndiyo, ndege na mguu wangu ni watoto wa mama mmoja. Wazazi wamekutana, na Mwalimu Easter amesema mwakani darasa ni langu.

Nilikuwa sijui kwamba watu hutembea huku wanawaza mambo mengine. Mimi miaka yote nilipokuwa natembea nilikuwa nawaza kutembea. Mwenyezi Mungu akulipe kwa kila hatua, na nakala zake.

Nyumbani bado navaa chuma. Usinielewe vibaya. Natoka nacho hadi kwa Kache, jirani wa kona, nabadilisha kwake, na nikirudi navaa chuma tena kabla ya kuingia. Ndivyo inavyofaa kwa sasa.

Jaha


Bolton
14 Novemba 1984

Jaha,

Marahaba.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Hadi Ijumaa ya kifundo nilifurahi hata mwenye nyumba akagonga ukuta. Kisha nikafika pale mwisho. Unavaa chuma nyumbani? Chuma kile kinachokuchubua? Kama mguu unabana sema nitaurekebisha. Kama unaona haya watu wakisema umevaa makaa, sema vile vile. Nimeumia kidogo, sitaficha.

Halafu kuna kofia. Nimekaa nayo miezi miwili siandiki kitu. Kazi yangu, Jaha, ni kutazama nguo na kujua aliyeifuma alikuwa wapi mashine ilipokosea. Kofia hii upande mmoja vito vimekwenda sawa kama mchanga, upande wa pili vinapanda na kushuka, na maua mawili yamegongana. Uzi mweupe umeisha katikati, ukafuata wa maziwa. Mama hajawahi kuchanganya nyuzi hizo, hata siku aliyokuwa na homa. Mwanzo nilidhani ameshona mtu mwingine. Lakini fundo la mwisho ni lake, lile la kurudi nyuma mara mbili.

Ukaniambia ameacha sindano. Ukaniambia vidole vinataka kazi pana. Ukaniambia alikipapasa kitambaa changu. Hukusema alikitazama.

Mficha maradhi kilio humfichua. Wananitaka hapa miaka mitatu mingine, karatasi iko mezani. Sijatia sahihi. Nimeomba ruhusa nije Januari, ujibu usijibu. Lakini wewe ndiye macho yangu huko. Niambie.

Gharib


Malindi
9 Desemba 1984

Kaka Gharib,

Shikamoo. Leo sitakuambia habari za unga.

Mama haoni. Ilianza kabla hujapata mwaka huko. Aliona kama moshi pembeni, moshi ukawa unasogea. Tulikwenda Mombasa kwa daktari wa macho akasema ni presha ya macho, iliyokwenda haitarudi, na akampa dawa ya matone kwa iliyobaki. Sasa imebaki mwanga. Mtu akisimama mlangoni anaona kivuli. Aliniapisha nisikuandikie. Alisema, "Ukimwambia ataacha kazi aje kukaa hapa kunitazama, na mimi siwezi kumtazama. Itakuwa hasara ya pande mbili." Nimekuandikia Mama hajambo mwaka mzima na kila mara kalamu ilinikwama. Kofia ile aliishona kwa vidole. Nilimwambia Kache atamalizia, akanikatalia, akasema kichwa ni cha mwanawe.

Sasa chuma. Siku ile mguu wako ulipofika niliuvaa pale pale, nikatembea uani, nikaingia ndani nimwonyeshe. Mama alikuwa ameketi jikoni na sufuria ya mbaazi mapajani. Akainua uso akauliza, "Nani?" Nilidhani ananitania, nikakaribia kimya kimya nikicheka. Akauliza tena, "Nani huyu?" Na akainuka ghafla, sufuria ikaanguka. Kaka, nilikuwa nimesimama mbele yake. Miaka yote hii alikuwa akinijua kwa kile chuma, kinavyolia sakafuni, moja nzito moja nyepesi. Kwa kila mtu ni kelele. Kwake lilikuwa jina langu. Umeniondolea uchungu, na mimi nikaingia kwa mamangu kama mwizi. Ningekuandikiaje hilo, wewe uliyekesha ukibandika tabaka? Nikaona chuma nikivae tu, nyumbani si mbali, kifundo kitavumilia.

Barua yako ya Novemba nilimsomea yote. Nilimsomea na habari za kofia. Alicheka, akasema, "Maua yamegongana kweli? Basi amejua kazi." Akaniuliza chuma na mguu vina habari gani, nikamwambia. Alinigombeza kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Asubuhi akaniagiza nikaombe njuga kwa Kache, zile wanazofunga miguuni wakicheza ngoma za kwao. Kache akanipa mbili. Mama mwenyewe alizifunga juu ya mguu wako, kwa uzi wa kofia.

Nikaenda hadi mwisho wa njia nikarudi. Nilipokuwa bado nje nilimsikia, "Yuwaja Jaha, na leo yuwaja na ngoma." Mgeni wetu kaka, ameshika jembe, tena analipiga kwa njuga. Shuleni nazivua, nyumbani nazifunga. Chuma nimekipeleka kwa Kioko, kuna mtoto wa Vitengeni anakingojea.

Jana jioni aliniomba nivue mguu aushike. Aliupapasa nje akasema ni laini, hauna habari. Akatia mkono ndani, ule upande ambao hukupiga msasa, akaenda na mfumo wake kwa kidole, polepole, kutoka juu hadi kifundoni. Akasema, "Juu ya mbili, chini ya mbili. Na hapa kwenye mviringo hakuvuta, ameuacha ujilaze." Alikaa nao mapajani mpaka muadhini akaadhini, na akaniambia, "Nimemwona mwanangu leo." Nakuandikia hivyo hivyo alivyosema.

Habari ya sahihi yako sitasema neno. Mama amesema usije kwa ajili ya macho, maana hayo yamekwisha, uje kwa ajili yake, na ukitaka kurudi kwa mzee wako mkaikamate ile karatasi ya mianzi, urudi.

Lakini Januari ukifika, usigonge mlango kama ulivyozoea huko. Mlango ukigongwa hatajua ni nani. Simama nje upige hodi kwa sauti yako. Ameshaniambia hatakujibu karibu, kwani karibu huambiwa mgeni. Atakuambia pita.

Mdogo wako,
Jaha